Dereva wa Masufuria ya Shamsia

Tangu alipostaafu, Mwalimu Abdulghani alibakiwa na kazi moja tu duniani, na hiyo nayo hakuisomea: kuendesha pikapu inayobeba masufuria ya mkewe. Bi Shamsia hupika pilau ya harusi, ya akika na ya hitima katika ua wa nyumba yao ya Mengo, Kampala, nyumba iliyojengwa na babu yake Abdulghani, muuza kaniki na kanga aliyepanda kutoka pwani akasahau kurudi. Mwalimu hakati kitunguu, haoshi mchele, hapulizi moto. Aliwahi kuonja chumvi mara moja, na ushauri wake haukuombwa tena. Lakini masufuria yakishafunikwa na kufungwa kamba, zamu yake huwadia. Hushika usukani wa pikapu ya rangi ya maziwa, ya mwaka 1986, akayafikisha yalikoalikwa yakiwa bado yanafuka mvuke. Katika umri wa miaka sabini na mmoja, hiyo ndiyo saa pekee ya juma ambayo watu humngoja yeye.

Kwa hiyo injini ya pikapu ilipoanza kusitasita, kilichoyumba hakikuwa injini peke yake.

Ilianza juma moja baada ya Idi. Ikiwa imesimama uani, injini ilinguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Kwenye barabara tambarare ilikwenda bila lawama. Lakini ikishapakiwa masufuria na kuanza kuupanda mlima wa Mengo kutokea Katwe, ilishtuka, ikanyamaza, ikapiga, ikanyamaza tena, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi katikati ya kusoma hotuba. Mafundi wa Kampala husema gari kama hilo linamisi. Maana yake, silinda moja kati ya nne inaacha kuwaka zamu yake inapofika, na tatu zilizobaki zinavuta mzigo wa wote kwa manung'uniko.

Lazima isemwe bila kumficha: Mwalimu alifurahi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amefundisha fizikia katika shule moja ya sekondari palepale Mengo, akiwaambia vijana kwamba hakuna fumbo la maumbile linaloweza kumshinda mtu mwenye subira, rula na daftari. Sasa maumbile yalikuwa yamemletea fumbo mpaka mlangoni, tena lenye magurudumu. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akachora safu nne: Tarehe, Dalili, Kilichofanywa, Matokeo. Juu ya jalada aliandika INJINI, na chini yake jina lake kamili. Palipoandikwa "Darasa" aliacha wazi.

Katika ukurasa wa kwanza alieleza hali ya injini kabla ya uchunguzi, kama mwanasayansi apasavyo. Mafuta ya injini: ya kutosha. Maji: ya kutosha. Mkanda wa feni: mzima. Nyaya za plagi: zimepangwa, hali nzuri sana.

Mstari huo wa mwisho ulimpendeza kuliko yote, kwa sababu sifa yake ilikuwa ya kwake. Siku ya Idi, baada ya kula, alikuwa amefungua bonneti ili aongeze maji, akaziona zile nyaya nne zinazopeleka umeme kwenye plagi zimelaliana ovyo, kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Maisha yake yote hakuwahi kuvumilia mstari uliopinda. Alizinyoosha, akazilaza bega kwa bega, akazifunga pamoja kwa tepu nyeusi kila baada ya nusu shibiri, na nusu shibiri hiyo akaipima kwa rula. Kisha alinawa mikono, akaenda kulala usingizi wa mchana wa mtu aliyeitengeneza pembe moja ya dunia. Tarehe ya kazi hiyo hakuiandika daftarini, kwa kuwa aliona si dalili wala si tiba.

Tiba aliifuata Katwe, kwa Mubarak.

Mubarak ni fundi wa makamo, ana mvi kidevuni na gereji isiyo na ukuta hata mmoja. Alimaliza sekondari mikononi mwa Mwalimu, na alama aliyoipata katika fizikia ni jambo ambalo wawili hao hawalitaji. Siku hiyo walikuwapo pia wazee watatu ambao hushinda hapo wameketi juu ya tairi la lori, wakitoa hukumu juu ya magari yasiyo yao.

Mubarak alikata tepu zote ili afikie plagi. Akazitazama nyaya, akazipangusa kwa kidole gumba.

"Mwalimu, hii waya imezeeka. Ungeiacha ikae mbalimbali, ipumue kidogo."

"Ipumue?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ile iliyokuwa ikiwafanya watoto arobaini na watano watazame madawati yao. "Waya una mapafu, Mubarak?"

Wazee wa tairini walicheka. Mmoja akataka kujua kama hizo nyaya hupata pia mafua wakati wa mvua. Mubarak naye alicheka, akafuta mikono.

"Kale, sawa, Mwalimu. Tuweke plagi mpya."

Pikapu ilipanda Mengo bila kukohoa hata mara moja. Mwalimu akaandika: *Imepona. Chanzo: plagi.* Chini yake, kwa herufi ndogo: *Fundi ametoa maoni yasiyo ya kisayansi.* Alasiri alifungua bonneti ili afurahie ushindi wake, akakuta Mubarak ameziacha nyaya zikining'inia ovyo. Akashusha pumzi, kama alivyokuwa akifanya mbele ya daftari la mwanafunzi mwerevu mwenye mwandiko mbaya, akachukua tepu na rula.

Kesho yake injini ilimisi palepale mlimani.

Hitimisho lilikuwa wazi, na Mwalimu alilifikia kwa dakika tano: plagi zilikuwa bandia. Akarudi Katwe akalisema hilo kwa utulivu, kwa adabu, na kwa sauti ya kuwafikia wazee wa tairini. Mubarak hakubisha. Alizitoa zote nne, akaweka nyingine, na pikapu ikapanda mlima vizuri. Na alasiri ile Mwalimu, kwa moyo ule ule safi, akazipanga nyaya upya. Ilipomisi tena, safari hii mshukiwa alikuwa kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa. Kabureta ikafunguliwa, ikasafishwa, ikapulizwa. Injini ikapona kwa siku moja. Mwalimu akaandika kurasa mbili juu ya uchafu wa petroli wakati wa mvua, na zilikuwa kurasa nzuri sana. Mtu angeweza kuzisoma na kujifunza mengi, isipokuwa kwa nini pikapu ile inamisi.

Hapo katikati ikatokea akika ya Namuwongo.

Pikapu iliishiwa nguvu kwenye kilima kimoja kifupi, masufuria matano nyuma, Bi Shamsia mbele akiwa ameupakata mwiko wake mkubwa. Walifika wamechelewa saa nzima. Wageni walikuwa wamemaliza soda na sasa wanasoma maandishi ya kwenye chupa. Mtoto mwenye akika alikuwa ameshalala. Mama yake, mwanamke mpole, alisema si kitu, na Mwalimu akatamani angetukanwa. Njia nzima ya kurudi Bi Shamsia alikaa wima, ameinamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye injini, akiisikiliza kama mtu anavyosikiliza kifua cha mgonjwa.

Jumatatu asubuhi alimimina chai, akasukuma kikombe kuelekea kwa mumewe.

"Baba Umulkheir, Jumapili ni walima ya Nakawa. Watu mia tatu."

"Najua."

"Alhamisi tutajaza masufuria maji, tushuke mpaka Katwe, tupande. Ikikohoa hata mara moja, kazi nampa Shakib na lile gari lake la mikate. Wala si ya Jumapili hii tu."

Shakib ni mtoto wa dada yake Bi Shamsia, na huendesha gari kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Shakib hufunga breki kama anaua nyoka," Mwalimu alisema. "Pilau itafika imekuwa bokoboko."

"Itafika."

"Na mimi?"

"Utapumzika. Si ndiyo maana ya kustaafu?"

Mwalimu alikunywa chai yake. Kupumzika alikuwa amekwisha kukujaribu. Miezi minne ya kwanza baada ya kuacha shule alipumzika kwa bidii. Alivipa vitabu vyote vya nyumbani namba, kisha akahamia jikoni, akavipanga viungo vya mkewe kwa mpangilio wa alfabeti na kubandika kila chupa karatasi, hata Bi Shamsia akawa hapati iliki kwa juma zima. Ilikuwa ni baada ya juma hilo ndipo alipokabidhiwa ufunguo wa pikapu. Hakuwahi kudhani kwamba alipewa kwa sababu ya udereva wake. Alipewa ili atoke jikoni. Lakini mtu anaweza kuipenda kazi hata kama ameipata kwa kufukuzwa mahali pengine, naye aliipenda.

Jumanne akakimbilia Katwe. Mubarak akabadilisha kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme zamu kwa zamu kwa silinda zote nne. Pikapu ikarudi nyumbani ikiimba. Mwalimu akaandika, akapiga mstari kwa rula, kisha akafungua bonneti kwa ajili ya usafi wa mwisho.

Jumatano ikamisi vibaya kuliko siku zote.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya pikapu, daftari magotini, bonneti wazi mbele yake. Upande wa pili wa ua wa michongoma Ocaya alikuwa akimwagilia sukuma wiki yake. Ocaya ni Mwacholi kutoka kaskazini, jirani yao kwa miaka kumi na tisa. Aliendesha magari ya wapelelezi wa polisi mpaka macho yalipoanza kumchezea, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kisichojali ngeli wala cheo cha msikilizaji.

"Mwalimu, hapo iko kazi ama iko msiba?"

"Ni fumbo, Afande. Na kesho ni siku ya mwisho. Ikikohoa, Mama Umulkheir anampa Shakib usukani."

Ocaya aliweka ndoo chini, akapita kwenye mwanya wa ua, akakaa juu ya debe lililogeuzwa.

"Soma hiyo kitabu. Mimi nasikia."

Mwalimu akasoma kila kitu, kuanzia maji ya injini mpaka petroli ya masika. Ocaya alichokoa meno kwa unyasi na hakumkatiza. Ilipofika mwisho alitikisa kichwa taratibu.

"Hiyo kitabu iko mzuri sana. Iko na kitu moja tu hapana."

"Kipi?"

"Watu. Umeandika plagi, umeandika mvua, umeandika uchafu. Watu iko wapi? Sisi polisi, kitu ikiharibika, hatuulizi kwanza ni nini. Tunauliza nani alikuwa hapo mwisho."

"Afande, wewe ulikuwa dereva."

"Dereva nasikia yote. Wakubwa wanafikiri kiti ya mbele haina masikio. Chukua kalamu. Siku ya kwanza hii gari ilipona, nani alishika injini?"

"Mubarak."

"Kesho yake ikakufa. Hapo katikati, nani alishika?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu kabisa? Bonneti ilifungwa Katwe ikakaa hivyo mpaka kesho?"

"Niliifungua mimi, alasiri. Kuangalia tu."

"Kuangalia na macho ama na mikono?"

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilizirudisha nyaya mahali pake. Fundi alikuwa ameziacha ovyo."

"Andika. Sasa mara ya pili, ile ya plagi ingine. Fundi alitengeneza, ikapona. Halafu nani?"

"Halafu nikazipanga nyaya."

"Ya kabureta?"

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Mwalimu alikuwa akiutazama mwandiko wake mwenyewe, mzuri, uliolala vizuri juu ya mistari, na kwa mara ya kwanza aliona kuwa mwandiko nao unaweza kumchongea mtu.

"Nikazipanga," alisema.

"Na jana?"

"Afande, inatosha."

"Haitoshi, lazima mshitakiwa aseme mwenyewe. Jana?"

"Jana nilizipanga na kuongeza tepu."

Ocaya akapiga magoti yake kwa viganja, akanyanyuka.

"Basi. Mara nne mtu mmoja ameonekana hapo hapo. Mzee. Anavaa miwani. Kama ni zamani, ningemuweka kiti ya nyuma."

Akarudi kwenye sukuma wiki yake akicheka peke yake, na kicheko chake kilisikika muda mrefu kupita kumwagilia kwenyewe.

Mwalimu alibaki kwenye kigoda. Sheria yenyewe ilimjia haraka, kwa maneno yale yale aliyoyazoea, kana kwamba kuna mtu anamwandikia ubaoni: umeme unaopita kwa ghafla katika waya mmoja huamsha umeme katika waya wa jirani, hata kama nyaya hizo hazikugusana. Kila mwaka, muhula wa tatu, alilaza nyaya mbili sambamba juu ya meza na kuwaita wanafunzi waje waone sindano ya kipimo ikirukaruka. Hapa nyaya zilikuwa kuukuu, ngozi yake imechoka, naye alikuwa amezibana bega kwa bega. Umeme wa silinda ya tatu ulikuwa ukivujia kwenye waya wa nne, na silinda ya nne ikashtuka kabla ya zamu yake, kisha zamu yenyewe ikaipita. Uani, pasipo mzigo, kosa halionekani. Mlimani, ambako plagi hudai umeme wenye nguvu zaidi, ndiko linakojitokeza.

Swali la sheria hiyo alilitunga kwa mitihani isiyopungua ishirini. Aliwafelisha watu kwa swali hilo. Sehemu ya alama ile ya Mubarak isiyotajwa ilitokana nalo.

Alikwenda jikoni akaazima mkasi, akakata tepu moja baada ya nyingine. Zilikuwa vipande kumi na viwili. Kisha akaipitisha kila waya njia yake mwenyewe, mbali na mwenzake, na matokeo yake yalikuwa machafuko matupu. Mikono ilimwasha. Akaitia mifukoni, akafunga bonneti kwa kiwiko.

Alhamisi saa nne walijaza masufuria maji. Ocaya alijitolea kukaa nyuma katikati yake, kama uzito wa ziada, alisema, na kama shahidi wa serikali. Walishuka mpaka Katwe, wakageuza, wakaukabili mlima. Mwalimu aliingiza gia ya pili. Hakumtazama mkewe. Alijua bila kutazama kwamba ameinamisha kichwa.

Injini ilivuta. Ilipita mahali ilipozoea kushtuka, haikushtuka. Ilipita duka la magodoro, ikapita kona, ikaendelea kuvuta kwa sauti moja nzito iliyonyooka, hadi ukuta wa Lubiri, jumba la mfalme lililo juu ya mlima, ulipotokea, na hapo ndipo Mwalimu alipogundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha kupumua tangu chini.

"Simama hapo kando," Bi Shamsia alisema.

Akasimama. Nyuma, Ocaya alikuwa akikamua maji kwenye mguu wa suruali yake.

"Imepanda," mkewe alisema.

"Imepanda," Mwalimu alikubali.

"Ilikuwa na nini?"

"Nyaya."

"Nyaya zilifanya nini?"

"Zilikuwa zimefungwa pamoja. Zikawa zinaibiana umeme."

"Zilifungwa na nani?"

Mwalimu alifikiria majibu kadhaa, na yote yalikuwa ya kweli kwa kiasi fulani. Kidirisha cha nyuma kilikuwa wazi. Ocaya akakohoa.

"Na mimi," Mwalimu alisema.

"Lini?"

"Siku ya Idi."

"Na kila Mubarak alipozifungua?"

"Nilizifunga tena. Kwa rula."

Bi Shamsia aliitazama barabara. Midomo yake ilitetemeka upande mmoja, ikatulia. Alipoongea, hakukuwa na kicheko ndani ya sauti yake.

"Baba Umulkheir, ulimwambia yule mtoto mbele ya watu kwamba anauza plagi bandia."

"Nilimwambia."

"Naye akazitoa akaweka nyingine, akanyamaza."

"Alinyamaza."

"Gari limepanda, na ahadi ni ahadi. Lakini mimi sikai kando ya dereva aliyemvunjia fundi heshima akaiacha pale pale chini. Kesho Ijumaa. Ukitoka kuswali, uende Katwe, useme palepale uliposemea, kwa sauti ile ile."

"Na nisipokwenda?"

"Shakib ameshaniuliza tunapakia saa ngapi."

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi aliandaa maneno yake daftarini kwa hoja nne, kila hoja na vifungu vyake. Baada ya sala alifika gerejini akiwa na kanzu nyeupe, jambo ambalo si la busara mahali pale. Wazee watatu walikuwa juu ya tairi lao. Mubarak alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana. Mwalimu alifungua daftari, akaziangalia hoja zake, akaona kwamba hata moja haikuwa na neno "nimekosa". Akalifunga.

"Mubarak."

Miguu ilisogea, Mubarak akatokea.

"Plagi zako zilikuwa nzima. Zote nane. Nyaya nilizifunga mimi, na wewe uliniambia tangu siku ya kwanza, nami nikakuchekeshea watu. Nimekosa, na nimekuja kulisema hapa kwa sababu hapa ndipo nilipokukosea."

Mubarak aliangalia spana iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Nilijua, Mwalimu."

"Ulijua. Basi kwa nini hukuniambia tena?"

"Nilisema mara moja. Mwalimu akisema hapana, unarudia? Ukirudia unasimama mbele ya darasa."

"Una mvi sasa, Mubarak."

"Na wewe bado ni Mwalimu." Akafuta jasho kwa mkono, akaacha alama nyeusi kwenye paji la uso. "Ile siku ya kabureta nilitaka kukufungia bonneti na kufuli. Mama watoto akasema wacha, mzee atajua mwenyewe."

"Alikisia muda gani?"

"Yeye alisema mwezi. Mimi nilisema mpaka Idi ingine."

Mzee mmoja wa tairini akasema kuwa Idi nyingine isingetosha, angempa mpaka Maulidi ya mwaka kesho. Wakacheka wote, na Mwalimu alicheka nao, akiwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kunyamaza.

Mubarak aliinamia kasha la vyuma vyake, akapekua, akainuka na vishikio vinne vya plastiki vyenye meno, vilivyotolewa kwenye injini iliyokufa. Akafungua bonneti ya pikapu, akaonyesha jinsi kila waya unavyokaa katika jino lake, umbali wa vidole viwili kutoka kwa mwenzake. Vitatu alivifunga mwenyewe. Cha nne akakitia mkononi mwa Mwalimu.

"Weka hiyo wewe."

Mwalimu akakunja mikono ya kanzu, akainama.

"Hapana, juu kidogo. Isiguse chuma. Hapo. Hapana, umeipinda, itoe tena."

Akaitoa tena. Mara ya tatu Mubarak aliivuta kidogo kwa kidole, akatikisa kichwa kwamba sasa inakubalika, na Mwalimu akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Jumapili saa sita masufuria saba yalipakiwa. Bi Shamsia alipanda mbele, akaweka mwiko mapajani, akasema twende, watu wana njaa. Walifika Nakawa dakika kumi na tano kabla ya muda. Vifuniko vilipoinuliwa, mvuke ulipanda mpaka kwenye mapambo ya ukumbi, na hakuna mgeni hata mmoja kati ya mia tatu aliyeuliza pilau ilifikaje. Mwalimu alikula sahani yake ndani ya pikapu, mlango wazi, viatu kando.

Waliporudi jua lilikuwa limelegea. Masufuria matupu yalikuwa yakigongana nyuma kwa kelele nyingi. Karibu na Kibuye Mwalimu alitaka kumwambia mkewe jambo moja kuhusu waya wa betri, ambao asubuhi aliuona umekaa upande upande na ambao, kwa maoni yake, ungeweza kunyooshwa kidogo tu. Aligeuka. Bi Shamsia alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, mwiko umemwangukia miguuni. Alikuwa hajasinzia ndani ya gari hilo tangu Idi. Mlima ulikuwa mbele yao. Mwalimu akashusha gia polepole, kwa uangalifu mkubwa, asije akamwamsha.